Saa Niliyoifuata Nairobi, Nusura Ishukie Mtito Andei

Mjambere: kwa nini niende mbali

Tangu nirudi safari, kila anayekaa kwenye benchi langu pale Bombolulu kula mahamri na mbaazi ananiuliza mambo mawili: saa hii nimeipata wapi, na kwa nini nilimjibu wifi yangu vile mlangoni mwa kanisa. Nimechoka kuisimulia vipande vipande huku mafuta yanaungua. Nimekaa nikaiandika yote, asomaye asome, asiyesoma asomewe.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Charo. Mume wangu ametangulia, wanangu wote sasa wanajitegemea, na kibanda kile cha chakula ndicho kilichowasomesha. Mwanangu wa mwisho alipoanza kazi, nilijiambia kwamba kabla sijawa ajuza nitajinunulia kitu kimoja kizuri ambacho hakina faida kwa mtu mwingine nyumbani. Isiwe sufuria, isiwe bati, isiwe karo ya mtu. Nilitaka saa ya mkononi, ya Uswisi, ya kukaa nayo mpaka nife.

Mtauliza kwa nini saa. Kuna mama mmoja wa ofisini aliyekuwa akija kunywa chai kwangu asubuhi. Wateja wengine wote hutazama simu, wanaruka, wanaondoka na andazi mdomoni. Yeye alikuwa akiinua mkono taratibu, anaisoma saa yake, anamaliza chai yake, ndipo anainuka. Nilimwonea gere kwa miaka, na sioni haya kusema.

Nyali kuna maduka ya saa, sikatai, na nilikwenda kuchungulia. Lakini Nyali ningeonekana, na habari ingefika kwetu Mjambere kabla yangu, moja kwa moja masikioni mwa wifi yangu Kache. Kache ni dada wa marehemu. Nampenda, ila ana ulimi wa kusifu. Desturi yetu mnaijua: mtu akikisifu kitu chako, unamwambia, "Karibu, chukua." Naye anajibu, "Nishashukuru, kikae kwako," na maneno yameisha. Kila mtu amebaki na heshima yake, na kitu kimebaki pake. Kache hajibu hivyo. Ukimwambia karibu, anasema "Haya," anachukua. Ndivyo zilivyoondoka leso zangu za harusi ya Charo, ikafuata redio, halafu kabati la vyombo ambalo ilibidi lisukumwe kwa mkokoteni.

Sikutaka saa yangu ipite njia hiyo. Nikatangaza kwamba nakwenda Nairobi kumsalimia Sidi, mtoto wa mdogo wangu, na kweli nilikwenda kumsalimia.

Mombasa hadi Maungu: kikapu cha mama wa dirishani

Basi liliondoka asubuhi, likapanda Mazeras bila matata, likapita Mariakani. Jirani yangu wa dirishani alikuwa mama wa bara, mnene kiasi, ameweka kiondo mapajani. Kiondo chenyewe kilikuwa cha katani, kimesukwa kwa rangi ya zambarau na ya udongo, mkanda wake wa ngozi. Sijaona kiondo kizuri kama kile.

"Dada, kiondo chako kizuri," nikamwambia.

"Asante," akasema.

Nikangoja. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, nishashukuru kikae kwako, limekaa ulimini. Yule mama alitazama dirishani, akaendelea na safari yake. Nikajisemea, wallahi huyu ni mchoyo, hata karibu ya mdomo tu imemshinda! Nimezaliwa Mkristo, lakini pwani ukiudhika wallahi inatoka yenyewe.

Tulipokaribia Maungu basi likachemka. Dereva akatushusha wote, akafungua boneti, mvuke ukatoka, na kondakta akasema ni dakika kidogo. Dakika zile zikawa ndefu kiasi cha watu kuanza kujuana. Mzee mmoja aliyekuwa akienda kumwona daktari akatandika koti lake chini. Mama mmoja akaanza kumsuka mwanawe. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ndogo ya mahamri na viazi vya karai, na chupa ya tui la mbaazi, zawadi ya Sidi. Mtu akasema, "Hmm, hiyo harufu," nami nikafungua ndoo nikasema karibuni. Nao wakakaribia! Ilipofika kwa yule mama wa kiondo alichukua mahamri mawili, akala, akasema matamu sana, akasema asante. Basi lilipopoa nilikuwa na ndoo tupu na tui la mbaazi kwenye chupa, na Sidi nimemwachia harufu.

Sikukasirika. Ndivyo nilivyo, na ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilipoketi tena nilifikiri kwamba tangu nizaliwe sikumbuki kuwa na kitu ambacho sikumkaribisha mtu.

Nairobi: baridi na mchele

Tulifika tumechelewa na baridi imeshuka. Sidi alinipokea kituoni, akanipigia shikamoo huku ananivisha sweta lake. Anakaa Embakasi, chumba na sebule, na anafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Nilimweleza habari ya ndoo akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake tulipita kula kwenye hoteli moja ndogo kabla ya kwenda dukani. Mhudumu akaniuliza nataka mchele na nini. Nikamwambia mchele sitaki, mimi si kuku, nataka wali. Akamtazama Sidi. Sidi akamwambia, "Mletee tu mchele na maharagwe." Ukaja wali mweupe usio na nazi wala chumvi ya kutosha. Niliula wote bila kuusikia ladha.

"Mama mkubwa, mbona umejikunyata?" Sidi akaniuliza.

"Baridi."

"Si baridi. Unaogopa duka."

Kweli niliogopa. Nilikuwa nimefunga kitambaa changu kizuri na viatu vya kanisani, lakini mikono yangu ni ya mtu wa jikoni, ina makovu ya mafuta.

Dukani: saa ya nani?

Duka liko Westlands, juu ghorofani, na mlango hufunguliwa kutoka ndani baada ya kukutazama. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, amevaa glovu nyeupe. Hakutudharau, nataka hilo lijulikane. Alitukalisha, akatuletea maji, akaniuliza, "Unamnunulia mzee?"

Nami nikajibu, "Ndiyo."

Sijui kwa nini. Mzee wangu yuko kaburini Kaloleni, na nilikuwa nimesafiri siku nzima kwa ajili ya kitu cha kwangu, lakini swali lilipokuja niliona haya kusema ni changu. Muuzaji akaleta sinia la saa za kiume zimelala kwenye mahameli. Akanieleza moja moja, mzee atapenda hii, mzee akiwa mtu wa suti atapenda ile. Nikaitikia, nikaitikia. Sidi alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama mkubwa, mzee gani huyo?"

Nikalisogeza sinia kando. Yule bwana akasubiri kwa adabu.

"Ni yangu," nikasema. "Naitaka mimi."

Akaomba radhi, akaliondoa sinia lile, akaleta la saa za kike. Zilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, zimezungushiwa vijiwe, na akrabu nyembamba mno. Nilizivaa tatu. Sikuweza kusoma hata moja bila kuisogeza puani. Nikamwomba alirudishe lile sinia la kwanza. Pale katikati ilikuwapo moja niliyoiona tangu mwanzo nikajifanya sijaiona: uso mweupe, tarakimu nyeusi zilizo wazi, mkanda wa chuma.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ni ya kiume, mama," akasema taratibu.

"Mkono huu umekuna nazi tangu nikiwa msichana, bwana. Hautalemewa."

Akacheka, akanivisha. Akapunguza pingili za mkanda mpaka ukanikaa sawasawa. Akanieleza kwamba haina betri wala haitiwi ufunguo kila siku, inajiendesha kwa mwendo wa mkono wa anayeivaa. Ukiivua ukaiweka kabatini inasimama. "Kwa hivyo usiifiche, ivae," akasema. Nikamwambia mkono wangu hautulii, na hapo asiwe na wasiwasi.

Mambo ya malipo nayaruka, hayana utamu. Nilitoka pale nimeivaa, mkono wa sweta nimeukunja kidogo ili ionekane. Kwenye ngazi nilisimama nikainua mkono taratibu, nikaisoma, kama yule mama wa ofisini. Sidi akageuka ukutani, akajifanya anatafuta simu. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mtoto wa Krismasi.

Nairobi hadi Mtito: mdomo wangu

Siku ya kurudi nilipangiwa kiti karibu na mama mmoja wa Kikamba, mwembamba, mtu mzima, aliyejitambulisha kuwa Mama Mwende. Alikuwa akishukia Mtito Andei, kisha achukue pikipiki kwenda kwa dada yake. Tulielewana haraka. Aliniuliza habari za bahari, nikamuuliza habari za mvua. Tukala ndizi zake na karanga zangu.

Tulipopita Emali jua likaingia dirishani, likaipiga saa. Mama Mwende akainama.

"Woi! Hii saa yako ni mzuri. Sijawahi ona mzuri namna hii."

"Karibu," nikasema.

Haki ya Mungu sikukusudia. Mdomo ulisema wenyewe, kama mtu akipiga chafya unavyomwitikia. Na kwa kuwa karibu kavu si adabu, mkono nao ukafuata: nikafungua kifungo cha mkanda, nikaitoa nusu, nikamsogezea. "Karibu dada, ivae. Chukua."

Nyinyi mlio wa pwani mnajua kilichotakiwa kutokea hapo. Mama Mwende hakujua. Alijigusa kifua, akaniuliza, "Mimi?" Nikasema, "Eeh, wewe." Nilikuwa bado nangoja nishashukuru. Akanyoosha mkono wake, na mimi, kwa hizi hizi akili zangu, nikamvisha.

Ilimkaa vizuri. Akaigeuza huku, akaigeuza huku, macho yakajaa machozi. "Mama, wewe uko na roho ya ajabu," akasema. "Mtu hunijui, unanipatia kitu kama hii." Akainama, akafungua begi lake, akatoa chupa kubwa ya asali iliyofungwa kwa gazeti, akaniwekea mapajani. "Hii nilikuwa napelekea dada yangu. Sasa ni yako."

Nikasema ahsante. Ningesema nini?

Kutoka hapo mpaka Mtito sikumbuki njia. Mama Mwende alisinzia, mkono juu ya goti, na mimi nikawa natazama ile akrabu ndogo ya sekunde ikizunguka. Ilikuwa inajiendesha kwa mkono wake sasa. Nilipanga maneno: dada, niliteleza. Dada, kwetu tunasema tu. Kila sentensi niliyoipanga ilinifanya niwe mwongo au mchoyo. Nikamkumbuka yule mama wa kiondo. Nilikuwa nimemwita mchoyo kwa kusema asante, na sasa yeye yuko kwake na kiondo chake, nami niko hapa na mkono mtupu na chupa ya asali. Nililia kidogo, uso kwenye kitambaa, watu wasinione.

Mtito Andei: nimekupa

Basi lilisimama Mtito ili watu wale. Mama Mwende akaamka, akanikumbatia, akaniombea dua ndefu kwa Kikamba, akashuka na saa yangu.

Nilinunua chai sikuinywa. Nikampigia Sidi, nikamweleza.

"Mama mkubwa! Umempa?"

"Sikumpa. Nilimkaribisha."

"Huku bara mtu akikuambia chukua, unachukua! Yeye hana kosa. Nenda ukaiombe, nenda sasa hivi."

"Neno limeshatoka, Sidi. Nitaliokotaje?"

"Basi mpelekee na wifi yako Kache viatu ulivyovaa," akasema, akakata simu. Hajawahi kunikatia simu maishani mwake, mtoto yule mwenye adabu.

Niliinuka. Nilivuka barabara na chupa ya asali kifuani, malori yananipigia honi, mpaka upande wa pikipiki. Mama Mwende alikuwa ameshapanda, begi limefungwa nyuma. Nikamshika mkono wa nguo.

"Dada, nisamehe. Nataka kukuambia jambo na naona aibu."

Akashuka. Nikamweleza yote, bila kupamba. Nikamwambia kwamba kwetu mtu akikisifu kitu unamkaribisha, naye anakataa kwa heshima, na ni mimi niliyekosa kwa kumfanyia hivyo mtu asiyeijua desturi hiyo. Nikamwambia kwamba ile saa nimeifuata Nairobi, na ni kitu cha kwanza nilichojinunulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, ila uso ulishuka, na kuuona ukishuka kuliniuma kuliko matusi.

"Sasa mama," akasema, "kama hutaki kupeana kitu, kwa nini unasema chukua?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo. Aliivua saa, akaifuta uso kwa pindo la nguo yake, akanifunga yeye mwenyewe mkononi, akabana kifungo mpaka kikalia. Nikampa chupa yake ya asali.

"Hapana," akasema. Akairudisha kifuani kwangu.

"Lakini saa nimechukua..."

"Saa ilikuwa yako. Asali nilikupatia. Mimi nikisema nimekupa, nimekupa."

Akapanda pikipiki, akaniaga kwa mkono, wakaingia njia ya vumbi. Dereva wetu alikuwa akipiga honi kama mwendawazimu. Nilirudi mbio, nikakaa kitini, saa mkononi na asali mapajani. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Mariakani hadi nyumbani

Mariakani tulikuta foleni ya malori isiyo na mwisho. Abiria waligomba, wengine wakashuka kutembea. Mimi sikuwa na haraka. Niliinua mkono taratibu, nikasoma, nikaushusha. Kutoka pale mpaka mjini, kisha Kisauni, kisha Mjambere, nilirudia neno moja kimyakimya, kama mtoto anayetumwa dukani na kuogopa kusahau alichotumwa.

Jumapili tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kanisa, ibada haijaanza. Wengine mlikuwapo. Wifi yangu Kache akaja na gauni la kitenge, tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za Sidi. Kisha akaiona. Akanishika mkono, akauinua juu watu waone.

"Makubwa haya! Wifi, saa nzuri hii. Nzuri haswa!"

Akangoja. Nililisikia lile neno "karibu" likipanda kutoka kifuani, likafika mdomoni. Nikalimeza.

"Ahsante," nikamwambia.

Akadhani sijamaliza. "Nzuri kweli," akarudia, bado amenishika.

"Ahsante, wifi."

Watu wawili watatu waligeuka. Kache alinitazama kana kwamba nimemvua kitambaa hadharani. "Basi tu?" akaniuliza.

"Basi tu."

Akauachia mkono wangu, akaingia ndani, akakaa viti vya mbele, wala hakunitazama ibada nzima. Hayo ndiyo mliyoyaona, na ndiyo mliyoyageuza maneno pale kibandani.

Ambayo hamkuyaona ni ya jioni. Niliigawa ile asali sehemu mbili, nikafunga chupa moja kwa gazeti, nikatembea mpaka kwake. Alinifungulia mlango bila kunikaribisha. Hakuwa ameisifu asali ile wala hakujua kwamba ninayo. Nikamwekea mikononi.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Nimekupa," nikamwambia, nikaenda zangu.